Mteja Aliyetaka Kompyuta Iende Polepole

Wenzangu mliobaki pale karakana, mmeniandama tangu nilipokabidhi funguo. Mnataka niwaandikie jinsi sisi wa zamani tulivyojua kwa nini kompyuta ya mtu inakwenda polepole, wakati hapakuwa na mtandao wa kuuliza. Ukweli ni kwamba hatukujua. Tulikisia kwa sauti nzito, na mteja akituona na koti la buluu na bisibisi mfukoni, aliamini. Lakini mmeomba kwa heshima, na mke wangu amechoka kuniona nikifungua redio ambazo hazijaharibika, kwa hivyo nitaandika.

Sikuanza na kompyuta. Miaka ya themanini ilipoanza nilikuwa fundi wa taipureta, katika chumba kimoja cha ghorofa ya juu karibu na Mtaa wa Biashara, Nairobi. Mwenye chumba alikuwa Mzee Gurdeep, Sikh wa Parklands, ambaye angeweza kukaa chumba cha jirani akanywa chai yake, akasikia taipureta ikigongwa na kukuambia ni herufi gani imelegea. Siku yangu ya kwanza alinipa mashine nzima nzima, akaniambia niifungue yote kisha niifunge tena. Niliifunga vizuri sana. Vipande vilivyobaki nilivitia mfukoni, kwa imani kwamba aliyeiunda alivitia kwa mapambo. Nilipokuwa nikienda kumwonyesha, Mzee alitega sikio.

“Mutua,” akasema, “hiyo mfuko yako iko na mashine ndani?”

Alinifundisha kazi kwa kunicheka, na mpaka leo sijapata njia bora zaidi. Nilipopevuka kidogo alinituma kuzunguka maofisini na mkoba wa ngozi wenye brashi, spiriti, kopo la mafuta na vitambaa vya kupangusia. Kazi kubwa ilikuwa kuchokoa wino uliokauka ndani ya tumbo la herufi a na e. Humo maofisini wachapaji ndio waliotawala. Mkubwa angeweza kuwa na zulia na kalenda ya ukutani, lakini barua haikutoka mpaka mchapaji atake.

Katika wizara moja, ambayo sitaitaja, mwenye enzi alikuwa Mama Njeri. Alichapa bila kutazama vidole, huku akikuuliza habari za watoto wako, na mlio wa mashine yake haukukatika. Wasichana walioajiriwa karibuni waliketishwa kando yake waone kazi inavyofanywa. Kila nilipofika alininyooshea kidole kabla sijafungua mkoba.

“Wewe usiiguse sana. Iko sawa. Pangusa tu, uende.”

Hayo ndiyo yalikuwa maoni yake juu ya ufundi wangu, na sikumbuki akiyabadilisha.

Kisha kompyuta zikaja. Mzee Gurdeep alinunua moja, akaiweka mezani, akasema kuanzia sasa hii ndiyo kazi. Niliizunguka nikitafuta utepe wa wino. Sikuuona. Niliona mdomo mwembamba ambamo diski huingizwa, nikaujaribu kwa kucha, nikaona unakwama kidogo. Nilifanya kile ambacho fundi yeyote wa taipureta angefanya: nilichukua kopo langu nikatia tone la mafuta. Halafu, kwa kuwa mimi si mchoyo, nikatia jingine.

“Umeweka mafuta?” Mzee aliuliza aliponusa.

“Kidogo tu, Mzee.”

Alilichukua kopo langu, akalifunga. “Mutua,” akasema mwishowe, “hii si cherehani ya mama yako.”

Mnacheka, na mna haki. Lakini niwaambie jambo moja ambalo sikumwambia mtu wakati ule. Niliiogopa mashine ile. Nilijua taipureta zinaondoka, na mimi sikuwa na kitu kingine mikononi. Usiku nilikuwa nikijiona nimerudi kwetu Machakos na mkoba wangu wa ngozi, nikiulizwa na jamaa kwani mjini kumetokea nini. Mzee alinipeleka kwenye masomo ya jioni, nikajifunza taratibu, huku nikiandika vitu nisivyovielewa na kutikisa kichwa kama ninavielewa. Miaka michache baadaye watu wakaanza kuniita mtaalamu. Sikuwakatalia.

Sasa nije kwenye ugonjwa wa kwenda polepole. Miaka ya tisini ilipofika, watu wa Nairobi walianza kuwa na kompyuta nyumbani, nyingi zikiwa zimetumika ofisini kwanza. Ikiletwa ikiwa inajikokota, tulikuwa na utaratibu. Kwanza unasikiliza diski ya ndani. Ikikwaruza bila kupumzika, basi imejaa, au vipande vya faili vimetawanyika na vinahitaji kupangwa upya. Pili, unatafuta virusi, ambavyo siku hizo vilisafiri kwa diski za mkononi zikiazimwa kama vitabu. Tatu, unafungua kasha utoe vumbi na mende. Mende walipenda sana joto la kile kisanduku cha ndani kinachopokea stima, yaani umeme, hasa kwenye baridi ya Julai. Nne, kama yote hayo hayakusaidia, unamwambia mteja kwamba kompyuta inahitaji muda wa kuzoea. Hatua ya nne niliitumia sana.

Siku moja akaja karakana Bwana Karanja, wakala wa bima anayeishi Uthiru. Alikuwa amenunua kompyuta ya zamani kutoka ofisi iliyokuwa ikifungwa, na kila asubuhi aliandika nayo barua za wateja.

“Fundi, hii kitu yangu imegeuka konokono,” akasema. “Nabonyeza herufi, naenda kukunywa chai, narudi ndiyo inatokea. Na hapo mbeleni ilikuwa inakimbia vizuri!”

Jumamosi nikaenda kwake. Mlango ulifunguliwa na Mama Njeri mwenyewe. Sikuwa nimejua kuwa Bwana Karanja ndiye mume wake.

“Ni wewe, Mutua?” Alinitazama kuanzia viatu. “Kwani siku hizi mmeingia mpaka kwa kompyuta?”

Sebule ile ilikuwa imevalishwa. Kulikuwa na vitambaa vya kufuma kwenye migongo ya makochi, juu ya redio, juu ya televisheni, hata juu ya kitambaa kingine. Kompyuta ilikuwa na chake kikubwa cha maua, kilichoifunika kutoka juu mpaka chini. Nilikikunja kwa adabu zote, kwa sababu Mama Njeri alisimama kando yangu akiangalia mikono yangu bila kupepesa. Nilidhani haniamini. Ni kweli hakuniamini, lakini siku hiyo alikuwa na sababu nyingine.

Nilifuta vitu vya zamani vilivyoachwa na ile ofisi, nikapanga faili upya. Alasiri nzima ikaisha. Kompyuta ikabaki vilevile. Nikatumia hatua ya nne.

Haikuzoea. Mara ya pili nikaibeba mpaka mjini. Mimi nilikuwa na tabia moja: nikiweka kasha mezani huchomoa kwanza nyaya zote nyembamba za vitufe vya mbele, kwa kuwa hunizuia kuingiza mkono. Nikaiwasha hivyo. Ikaenda kasi mpaka nikarudi nyuma. Sikuwa nimefanya chochote zaidi ya kumtoa mende mmoja. Nikarudisha nyaya mahali pake, nikafunga kasha bila kujaribu tena, nikairudisha Uthiru kwa fahari, na pale sebuleni ikajikokota kama kawaida.

Mafundi wa busara wangejiuliza kitu gani kimebadilika kati ya meza ile na hii. Mimi nilitazama balbu ya sebuleni, nikaona inawaka kwa unyonge, nikatangaza kwamba tatizo ni stima ya Uthiru. Nilieleza kwa kirefu. Nilisema stima inatoka mjini ikiwa na nguvu, lakini inagawiwa njiani Westlands na Kangemi, na ikifika Uthiru imeshachoka. Bwana Karanja alitikisa kichwa kwa huzuni. Baadaye nilisikia amewaeleza majirani, na kwa muda mrefu kulikuwa na watu kando ya barabara ya Waiyaki Way waliolaumu uchovu wa stima kwa kila kitu, pamoja na maharagwe yasiyoiva.

Mara ya tatu nilikwenda nikiwa sina wazo lolote. Niliiwasha, nikainama kukagua waya wa nyuma ili nionekane ninafanya kitu, na nilipokuwa nikijivuta kiwiko changu kikagonga sehemu ya mbele ya kasha. Pakalia tik. Barua ya Bwana Karanja, iliyokuwa ikijitandaza kwenye skrini mstari kwa mstari, ikajaa yote mara moja.

“Eh! Umefanya nini?” akauliza.

“Nimerekebisha mwendo,” nikasema kutoka chini ya meza.

Ninyi vijana hamkukijua kitufe hicho. Kompyuta za wakati ule zilikuwa na kitufe mbele kilichoitwa turbo. Kikiwa ndani, mashine inakwenda kwa nguvu zake zote. Kikitoka nje, inapunguza mwendo, kwa sababu kulikuwa na programu za kale, hasa michezo, ambazo kwenye mashine mpya zilikimbia kupita kiasi. Kulikuwa pia na taa ndogo ya kukuonyesha, lakini ya hii ilikuwa imekufa tangu zamani. Kwa hiyo ugonjwa nilioutafuta kwenye diski, kwenye virusi, kwenye mende na kwenye mtambo wa umeme wa taifa ulikuwa ni kitufe, na aliyeupata ni kiwiko.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa heshima. Lakini nilitaka kazi yangu idumu. Nikafungua kasha, nikachomoa waya wa kile kitufe kabisa, mashine ikawa ya kasi daima hata ukibonyeza mpaka kesho. Bwana Karanja alifurahi, tukaletewa chai na mandazi. Mama Njeri hakusema hongera. Alichukua kitambaa chake, akaifunika ile kompyuta taratibu, akaingia jikoni.

Wiki iliyofuata, saa ya chakula cha mchana, akapanda ngazi mpaka karakana. Alikuwa anahema, mkoba kifuani. Aliangalia kama kuna mtu mwingine, akafunga mlango.

“Mutua, rudisha vile ilikuwa.”

“Vile ilikuwa namna gani, Mama?”

“Pole.”

Nilidhani sijasikia. Katika miaka yangu yote ya kazi, watu wameniomba kompyuta iende kasi, iache kulia, iache kujiwasha yenyewe, na mchungaji mmoja aliniomba niiombee. Hakuna aliyewahi kuniomba niirudishe kuwa pole. Nikamvutia kiti.

Alikaa, akaanza kusema huku akitazama mikono yake. Wizarani zilikuwa zinaletwa kompyuta, na taipureta zote zingeondolewa. Mwisho wa mwezi kila mchapaji angeketi mbele ya mashine mpya apimwe. Atakayepita atabaki. Atakayeshindwa atapewa barua ya kwenda nyumbani kabla ya wakati wake.

“Lakini Mama, wewe! Hakuna anayekushinda pale.”

“Kwa ile yangu,” akasema. “Ile yangu ukiigonga inagongeka. Hii nikilaza kidole tu inaniandikia a, a, a mpaka mwisho wa karatasi. Na nikimaliza mstari, mkono unaenda kusukuma ile chuma ya kurudisha. Nasukuma hewa! Juzi nimemwaga chai ya mzee wangu nikisukuma.”

Binti yake Njeri alikuwa amemletea diski yenye mchezo wa kujifunzia kibodi. Herufi zilidondoka kutoka juu ya skrini, nawe ulitakiwa kuzibonyeza kabla hazijafika chini. Ulikuwa mchezo wa zamani, na kwenye ile kompyuta herufi zilidondoka zote kwa pamoja.

“Sioni ikianguka, Mutua. Naambiwa tu nimeshakufa.”

Kisha siku moja, akipangusa vumbi, kitambaa chake kilibonyeza kitufe, na herufi zikaanza kudondoka kwa utu. Hakujua kitufe kile ni cha nini hasa. Alichojua ni kwamba akikigusa tena huenda neema ile ikaondoka, kwa hiyo alikiacha hivyohivyo na kukificha kwa kile kitambaa cha maua. Jioni, mume wake akiwa bado kwa wateja, alicheza. Ndipo nikaja mimi na kiwiko changu.

“Si umwambie tu Baba Njeri?”

“Huyo? Akijua najifunza na mchezo wa watoto, Jumapili kanisa yote itajua kabla ya sadaka.” Alikunja kamba ya mkoba wake. “Na wale wasichana niliowafundisha watakuwa hapo, ndani ya hiyo chumba. Wao wanajua kompyuta. Kama ni kushindwa, nataka niwe nimejaribu kwanza, na nisionwe nikijaribu.”

Moyo uliniuma. Nilikuwa nimemwona mwanamke huyu kwa miaka mingi, na sikuwahi kumfikiria kuwa mtu anayeweza kuogopa. Basi nikamwambia habari ya mafuta. Nilimweleza yote, tone la kwanza na la pili.

“Ulitia mafuta?” akauliza. “Kwa kompyuta?”

Alicheka mpaka akatoa leso akafuta macho. Halafu akasema, kwa sauti yake ya zamani, nisithubutu kumwambia mtu kwamba alikuja.

Jioni hiyo nilimpigia simu Bwana Karanja, nikamwarifu kuhusu ukaguzi wa baada ya matengenezo, jambo ambalo karakana yetu haikuwa nalo kabla ya simu hiyo. Alivutiwa sana. Nikaenda, nikarudisha waya wa kitufe huku yeye akinisifu kwa uaminifu. Alipotoka kumfungulia mgeni, nilimnong’oneza Mama Njeri: nje ni kwa mchezo, ndani ni kwa barua za mzee. Akimaliza, abonyeze kirudi ndani. Na siku vidole vikizoea, aache herufi zinazodondoka, achape kitu cha kweli, kitufe kikiwa ndani.

Tangu siku hiyo, swali langu la kwanza kwa mteja mwenye kompyuta inayojikokota ni nani mwingine anayeitumia. Liulizeni na ninyi, kabla ya kushika bisibisi. Utakuta baba analalamika juu ya kitu ambacho mama, au shangazi, au mpangaji wa chumba cha nyuma, amekipanga kwa sababu zake nzuri kabisa.

Mama Njeri hakuwa mwepesi wa kukumbuka kitufe. Mara kwa mara simu ililia asubuhi.

“Fundi, stima imechoka tena.”

“Ngoja kidogo, Bwana Karanja. Kesho itapata nguvu.”

Kisha nilipiga simu wizarani, nikaomba kuongea na Mama Njeri, nikasema neno moja tu: “Ndani.” Alijibu, “Nimesikia,” akakata. Sijui wenzake ofisini walifikiri tunapanga nini.

Siku ya kupimwa, mimi ndiye niliyetumwa kuziangalia mashine zisilete shida. Nilisimama ukutani na mkoba wangu. Wachapaji waliingia wakiwa wamevaa kama wanaokwenda harusini. Wasichana walikaa mbele. Mama Njeri alichagua meza ya nyuma, karibu nami, lakini hakunisalimu. Aliweka mkoba wake chini ya kiti. Aliangalia kompyuta, na nikaona kidole chake kikienda mbele ya kasha, polepole, mpaka kwenye kitufe.

Kidole kilikaa pale juu ya kitufe. Kisha akakirudisha mapajani bila kubonyeza.

Msimamizi, kijana mwenye tai, akasema waanze. Mwanzoni vidole vya Mama Njeri vilikuwa vizito. Nilisikia akigonga, akisimama, akifuta. Mwisho wa mstari wa kwanza mkono wa kushoto uliinuka, ukasukuma hewa, ukarudi. Msichana mmoja wa mbele aligeuka. Nilitamani kupiga kelele, nilitamani kukata stima ya jengo zima. Lakini mstari wa pili mkono haukuinuka, na wa tatu ukapita, na taratibu nikaanza kusikia mlio nilioujua, ule usiokatika, isipokuwa sasa ulikuwa wa plastiki. Sikuhitaji kutazama. Nilifumba macho, kama alivyokuwa akifanya Mzee Gurdeep na chai yake.

Mlio uliponyamaza, wengine walikuwa bado wanachapa. Mama Njeri alikuwa ameketi mikono mapajani, anatazama dirishani, na kwenye skrini yake maneno ya mwisho yalikuwa bado yanatokea moja baada ya jingine. Kijana mwenye tai akaliona hilo, akaniita kwa kidole.

“Fundi, hii imekwama?”

“Haijakwama,” nikasema. “Inamfuata.”

Alinitazama kama mtu anayetafuta mzaha umefichwa wapi. Pengine hilo ndilo jambo pekee nililolitambua sawasawa katika jaribio la kwanza katika kazi yangu yote.

Majina yalisomwa mchana huohuo. Si wote waliobaki, na sitasahau mama mmoja wa meza ya dirishani aliyevua miwani yake, akaifuta, akaitia mkobani bila kuivaa tena. Jina la Mama Njeri lilisomwa. Hakuruka wala hakulia. Alinyanyua mkoba wake, akawapita wasichana waliokuwa wakimpa mikono, akanikuta mlangoni nikikunja nyaya. Nilimuuliza ameionaje mashine mpya.

“Si mbaya,” akasema, akiivuta zipu ya mkoba. “Lakini iko pole, Mutua. Huwezi kuiangalia?”